India: namna gani watu wa transjenda wanapotea mu hesabu

Transjenda ni mtu mwenye aliandikwa mwanaume wakati wa kuzaliwa lakini anajijua kuwa mwanamke, ao kinyume. Mu hesabu ya raia ya 2011, India iliweka namba 3 kwa wenye si mwanaume wala mwanamke. Watu 487 803 walipatikana, mu inchi ya watu miliari 1,2.

Ni wachache mno. Kwetu Congo, hesabu ya mwisho ni ya 1984, basi wengi hawajaona vile inafanyika: mwenye kuandika anapiga hodi, na kwa kawaida mkubwa wa nyumba njo anajibu kwa wote. Baba mwenye kuona haya juu ya mtoto wake, atasema namba 3? Na kama alishamufukuza?

Mu 2014 Korti Kuu ya India iliwatambua. Lakini sheria ya 2019 iliomba barua ya hospitali yenye kuonyesha operasyo, kwa mwenye anataka karatasi iandikwe mwanaume ao mwanamke. Operasyo ni pesa. Halafu akigonjwa, anafika hospitali yenye vitanda vya wanaume huku na vya wanawake kule, na karatasi mkononi inasema kingine. Wanamulaza wapi?