Samatta aliendaje Lubumbashi? Jibu kwa winga wa Tunduma

Muhula uliopita nilikuwa Tunduma kwa mafunzo ya ualimu kwa vitendo, kwenye shule moja ya sekondari ambayo ukikaa ofisi ya walimu unasikia honi za malori yanayosubiri kuvuka kwenda Nakonde. Nilipewa Jiografia, Kidato cha Tatu. Wiki ya tatu kijana mmoja wa miaka 16, winga wa timu ya shule, akaacha kuja. Wenzake wakaniambia, "Madam, huyo anaenda Kongo. Kuna jamaa anampeleka Mazembe." Jamaa alikuwa ametaka laki tatu na nusu za "makaratasi", na mama wa kijana, anayeuza mchele sokoni, alishatoa laki moja na hamsini.

Nilipompata kijana nikamkalisha chini, aliniuliza swali moja tu: "Kwani madam, Samatta si alipita njia hii hii?"

Sikuwa na jibu. Mpira mimi naangalia kibanda umiza kama ninyi, nashangilia, narudi hosteli. Ikabidi nitafute. Nawaandikia nilichopata kwa sababu wengi wetu tunaosoma ualimu tutapangiwa shule, na swali hili litatukuta huko.

Njia yenyewe ipo kweli. Ukivuka Tunduma unaingia Nakonde, unashuka Mpika, Kapiri Mposhi, Ndola, halafu Kasumbalesa, na mbele yake ni Lubumbashi, nyumbani kwa TP Mazembe. Madereva wanaolala Mpemba wakisubiri foleni wanaijua kama chumba chao. Ndiyo maana uongo wa jamaa unauzika hapa kuliko ungeuzika Lindi. Kongo kwa mtoto wa Tunduma ni mahali ambapo baba wa rafiki yake yuko leo.

Sasa Samatta. Ni kijana wa Mbagala, Dar es Salaam, aliyezaliwa Desemba 1992. Alipitia African Lyon, akaenda Simba mwaka 2010. Mwaka 2011 Simba ikapangwa na Mazembe kwenye Ligi ya Mabingwa Afrika, Wakongo wakamwona, wakamnunua. Hebu tusimame hapo kidogo. Alionekana akiwa uwanjani, kwenye mechi rasmi, na jezi ya klabu iliyomsajili. Klabu ilizungumza na klabu. Na alikuwa ameshatimiza miaka 18.

Hiyo 18 ndiyo kiini cha habari. Kanuni za FIFA zinakataza mchezaji wa chini ya umri huo kusajiliwa nje ya nchi yake, isipokuwa kwa sababu chache, kwa mfano wazazi wake wakihamia huko kwa mambo yasiyohusu mpira. Na hata mkubwa hachezi mechi rasmi nchi nyingine bila cheti cha uhamisho wa kimataifa, yaani ITC. Cheti hicho hakibebwi kwenye begi wala hakiuzwi stendi. Kinatoka shirikisho kwenda shirikisho kwa mfumo wa kompyuta: kwa mchezaji wetu, TFF ndiyo inayokitoa, ikiombwa na wenzao wa huko anakokwenda. Kwa hiyo ukisikia mtu anadai laki tatu na nusu za makaratasi, muulize ni karatasi gani. Wakala naye anatakiwa awe na leseni ya FIFA, na tangu 2023 leseni inahitaji mtihani. Kwa mtoto, haruhusiwi hata kuanza mazungumzo bila ridhaa ya maandishi ya mzazi.

Samatta alikaa Lubumbashi karibu miaka mitano, pamoja na Mtanzania mwenzake Thomas Ulimwengu na Wazambia kadhaa akiwemo Rainford Kalaba. Miaka mitano! Sisi huwa tunaruka kipande hiki, tunatoka Simba tunatua Aston Villa. Kumbe huko ndiko alikokomaa. Mwaka 2015 Mazembe walitwaa Ligi ya Mabingwa kwa kuifunga USM Alger, Samatta akifunga fainali zote mbili, ya Algiers na ya marudiano. Januari 2016 akapewa tuzo ya mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara, Mtanzania wa kwanza kuipata. Mwezi huo huo akasaini Genk ya Ubelgiji. (Na mwezi huo huo Songwe ikakatwa kutoka Mbeya ikawa mkoa. Nilimwambia kijana hivyo, akacheka kwa mara ya kwanza.)

Alipoondoka Mazembe, mkataba wake ulikuwa umebakiza miezi michache. Mchezaji aliyebakiza miezi sita au pungufu anaruhusiwa kusaini na klabu nyingine, kwa hiyo anapokaa mezani ana nguvu. Haikuwa hivyo siku zote. Mwaka 1929 Mskoti Alex James alihama Preston North End kwenda Arsenal kwa pauni 8,750. Pesa hiyo walilipana klabu. Yeye, kwa kanuni za ligi ya Uingereza wakati ule, hakuruhusiwa kulipwa zaidi ya pauni 8 kwa wiki, hadi Arsenal wakamtafutia kazi ya pembeni kwenye duka la Selfridges. Alitwaa ubingwa wa ligi mara nne na Arsenal. Lakini mkataba wa mchezaji wa zama zake ukiisha, klabu iliweza kuendelea kushikilia usajili wake, na bila ridhaa yake haendi popote. Utaratibu ule ulianza kuvunjika mahakamani mwaka 1963 kwa kesi ya George Eastham, na mwaka 1995 kesi ya Jean-Marc Bosman ikafungua mlango Ulaya: mkataba umeisha, uko huru. Tarehe ya mwisho kwenye mkataba wa Samatta ilikuwa na thamani ambayo James hakuwahi kuionja.

Yaliyofuata mnayajua. Ubingwa wa Ubelgiji 2019, bao Anfield dhidi ya Liverpool, Aston Villa Januari 2020, kichwa Wembley kwenye fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City. Miezi minane baada ya kufika Villa alikuwa Fenerbahçe, halafu Antwerp, Genk tena, PAOK, Le Havre. Ligi Kuu ya Uingereza alifunga bao moja tu. Watu wanamcheka kwa hilo. Mimi naona ndivyo kazi ilivyo, mwaka mmoja unatafutwa, mwaka mwingine unaazimwa.

Kuna kifungu kimoja nilikiweka mwisho makusudi. Kati ya zile sababu chache za mtoto kusajiliwa nje, moja ni ya mpakani: akiishi ndani ya kilomita 50 kutoka mpaka, na klabu nayo ikiwa ndani ya kilomita 50 upande wa pili, anaruhusiwa, mradi aendelee kulala kwao na mashirikisho yote mawili yakubali. Maana yake mtoto wa Tunduma, kisheria, ana mlango ambao mtoto wa Dar hana.

Nilikwenda kwa mama yake jioni, nikamwamkia, nikamweleza yote. Akasikiliza huku anapepeta mchele. "Sasa mwalimu, hela yangu?" Tulimpigia jamaa tukamwomba namba ya leseni yake. Akasema atapiga baadaye. Simu haikupatikana tena, na laki moja na hamsini haijarudi mpaka leo.

Jumatatu kijana alikuja darasani. Mada ilikuwa skeli ya ramani. Akanyoosha mkono akauliza Nakonde ni kilomita ngapi kutoka hapa, na darasa zima likacheka, maana Nakonde wanaiona dirishani.

"Sio hiyo madam," akasema. "Nataka kujua hizo hamsini zinaishia wapi."

Tukachukua rula.