Tusiwanyime Watoto Maziwa kwa Ajili ya Vitambi Vyetu

Ndugu yetu mmoja, mtumishi wa umma hapa Mkunya, aliambiwa na mganga kwamba uzito wake umezidi kiasi. Akarejea nyumbani na kutoa amri: maziwa yasiingie tena katika nyumba ile. Tangu siku hiyo watoto wake wakawa wanakunywa chai ya rangi. Mwenyewe aliendelea na vikombe vyake vitano vya chai kwa siku, kila kikombe vijiko vinne vya sukari, na asubuhi chapati mbili zinazochuruzika mafuta.

Hatulielezi jambo hili kwa nia ya kumcheka. Wengi wetu tukaao ofisini, hapa Newala na Masasi na hata kwa ndugu zetu wa Visiwani, tunawaza kama yeye.

Na tufanye hesabu. Glasi ya maziwa ya ng'ombe yasiyotolewa malai, yaani robo lita, ina kalori 150 hivi. Vijiko 20 vya sukari vina kalori 320. Sukari ya ndugu yetu peke yake, basi, imeshinda glasi mbili za maziwa, nayo haimletei kitu kingine chochote. Ilhali glasi mbili hizo zina gramu 16 za protini na zaidi ya nusu ya kalsiamu aihitajiyo mtu mzima kwa siku. Hata konzi moja ya korosho, gramu 30, huishinda glasi moja ya maziwa kwa kalori, nasi wa nchi ya korosho hutafuna bila kuhesabu.

Uchunguzi wa nchi mbalimbali umeonyesha kwamba maziwa hayamkondeshi mtu kwa nguvu zake yenyewe. Mwenye kula sana akaongeza na maziwa juu yake atazidi kunenepa. Lakini mwenye kupunguza chakula chake kwa jumla hadhuriki kwa glasi moja au mbili kwa siku, na protini yake humsaidia kushiba na kuhifadhi misuli. Akitaka hadhari zaidi, na atoe malai. Vya kuogopwa ni siagi, maziwa mazito ya kopo yaliyotiwa sukari, na samli, ambayo kijiko chake kimoja kikubwa hukaribia kalori 120.

Wenzetu wa Visiwani watatuwia radhi tukiligusa tui. Tui si maziwa, ingawa ni jeupe kama maziwa. Tui zito la kwanza lina mafuta mara tano au zaidi ya yale ya maziwa ya ng'ombe, na kalsiamu yake ni haba. Anayeacha mtindi akazidisha mchuzi wa nazi hajapunguza kitu.

Yako pia matumbo yasiyopatana na maziwa. Mwaka 2007 wataalamu walioongozwa na Sarah Tishkoff walitangaza kwamba baadhi ya watu wa Tanzania, Kenya na Sudan, hasa wa jamii za wafugaji, wana urithi wa kimaumbile unaowawezesha kusaga sukari ya maziwa hata ukubwani. Sisi wa uwanda huu, ambao shida ya maji haikutuacha tuwe wafugaji wa ng'ombe, si ajabu tumbo likinguruma. Mtindi huwa mwepesi zaidi, kwani sehemu ya sukari ile imekwisha liwa na vijidudu vinavyougandisha.

Mwaka 1975, kampeni ya Chakula ni Uhai ilipofika vijijini, adui alikuwa upungufu wa chakula. Upungufu haujaondoka, ila umepata jirani. Takwimu za Taifa za 1991-92 zilionyesha wanawake 11 katika kila 100 wana uzito uliozidi. Zile za 2015-16 zilionyesha 28. Na takwimu hizo hizo za 2015-16 ziliwakuta watoto 34 katika kila 100 wa chini ya miaka mitano wamedumaa. Mambo haya mawili huweza kukaa chini ya paa moja, baba akihangaika na mkanda wa suruali na mtoto akikosa kurefuka. Amri ya kupunguza ni ya sahani ya mkubwa. Kikombe cha mtoto hakimo ndani yake.

Ndugu yetu tulimweleza haya barazani kwake, naye alisikiliza kwa utulivu. Juma lililofuata maziwa ya watoto yalirudi. Sukari ameishusha hadi vijiko vitatu.