Michezo ya video: Tetris ya mwaka wa 1989 bado ina siri kwa wanaoirudilia

Mtu mzima kuketi tena mbele ya mchezo wa video wa zamani, wengi wanaona ni kupoteza wakati. Lakini wachezaji wa Tetris wameonyesha kwamba mchezo unaweza kumpa anayeurudilia kitu ambacho haukumpa mtu yeyote ulipotoka.

Tetris ilibuniwa mwaka wa 1984 huko Moscow na Alexey Pajitnov, mtaalamu wa kompyuta. Vipande vinaanguka kutoka juu, mchezaji anavigeuza na kuvipanga. Mstari ukijaa, unafutika. Mwaka wa 1989, kampuni Nintendo ya Japani iliitoa kwa ajili ya mashine yake NES.

Kadiri ngazi zinavyopanda, vipande vinaongeza mbio. Kwenye ngazi ya 29, mtu anayeshikilia tu kitufe hawezi tena kufikisha kipande pembeni. Kwa miaka mingi wachezaji waliamini kwamba hapo ndipo mwisho.

Waliovunja imani hiyo ni wale waliorudi. Tangu mwaka wa 2010 kunafanyika Marekani mashindano ya dunia ya Tetris hiyo ya zamani. Jonas Neubauer alishinda mara 7. Mwaka wa 2018, Joseph Saelee, kijana wa miaka 16, alimshinda katika fainali. Yeye hakushikilia kitufe: alikigonga mara nyingi na kwa haraka sana. Miaka michache nyuma ya hapo, wengine walianza kupiga mgongo wa maneti kwa vidole kadhaa vikifuatana, kama mtu anayepiga ngoma, huku kitufe kikisukumwa dhidi ya kidole cha mkono mwingine. Mashine haikubadilika, vidole ndivyo vilivyobadilika.

Tarehe 21 Desemba 2023, Willis Gibson, mtoto wa miaka 13 kutoka jimbo la Oklahoma, alifika ngazi ya 157, na mchezo ukakwama wenyewe. Hakuna binadamu aliyejulikana kuufikisha hapo mbele yake. Ni programu ya kompyuta tu iliyokuwa imefanya hivyo. Alicheza kwenye televisheni ya zamani, ile yenye mgongo mkubwa. Ushindi huo aliutolea baba yake, aliyefariki mwezi huohuo.

Akiulizwa kwa nini alipenda mchezo uliotoka zaidi ya miaka 20 mbele ya kuzaliwa kwake, Gibson alieleza kwamba ni mwepesi kuanza lakini ni mugumu sana kuumudu. Si wote waliofurahi. Mtangazaji mmoja wa televisheni ya Uingereza alimshauri hewani atoke inje apate hewa, akisema kumaliza Tetris si lengo la maisha. Watu wengi walimjibu kwa hasira.

Lawama hiyo inajulikana na kila mtoto aliyefukuzwa mbele ya PlayStation, iwe Goma, Bukavu ao Bunia. Na mzazi ana haki ya kuuliza masomo yamefikia wapi. Lakini anayerudilia mchezo kwa njia hii anajipima: anatafuta kosa lake, anajaribu mukono mupya, anaanza tena. Hakuna anayemshangaa mpiga gitaa anayerudia wimbo uleule miaka 20.

Hatari kubwa iko kwingine: kukosa mchezo wenyewe. Mwezi wa saba 2023, shirika Video Game History Foundation la Marekani lilitangaza kwamba kati ya michezo 100 iliyotoka katika inchi hiyo mbele ya mwaka wa 2010, 87 haiuzwi tena. Mwaka huohuo Nintendo ilifunga maduka ya intaneti ya mashine zake Wii U na 3DS. PlayStation 2, iliyotoka mwaka wa 2000, Sony iliacha kuitengeneza tangu mwanzo wa mwaka wa 2013.

Mwenye mashine ya zamani nyumbani angefikiri mara mbili mbele ya kuitupa ao kuiuza kama chuma chakavu. Tetris ilikaa zaidi ya miaka 30 mbele ya mtu kufikia pale inapokwama. Kama kaseti zote zingekuwa zimetupwa, hakuna angejua.