Pikipiki Wakati wa Kipupwe: Zuia Upepo Kwanza

Juni ikiingia, waendesha pikipiki wa Njombe, Makete na Mufindi huvaa kila walicho nacho: sweta mbili, soksi juu ya soksi, shuka shingoni. Hata hivyo, alfajiri mtu hufika kijiweni akitetemeka, meno yakigongana. Nguo anazo za kutosha, ila zote zinapitisha hewa. Juu ya pikipiki, sweta tano zinazopitisha upepo zinashindwa na sweta moja iliyofunikwa koti la mvua.

Tuanze na baridi yenyewe. Kadiri unavyopanda kutoka usawa wa bahari, joto la hewa hupungua kwa wastani wa nyuzi 6.5 za Selsiasi kila mita 1,000. Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu. Usiku wa Julai ambao mtu wa Dar es Salaam anajifunika shuka kwa nyuzi 18 au 19, mwenzake wa Njombe analala kwenye nyuzi 7 au 8, na siku zikiwa kali hushuka zaidi. Kitulo, uwanda ulio mita 2,600 hivi, kuna asubuhi ambazo nyasi huamka nyeupe kwa jalidi. Wakazi wa Limuru na Kinangop kule Kenya wanaijua hali hiyo.

Ongeza mwendo juu yake. Mwili wako umezungukwa na tabaka jembamba la hewa ambayo ngozi imeipasha moto, na hilo ndilo blanketi lako la kwanza. Upepo huliondoa, ngozi hulazimika kupasha hewa nyingine, nayo huondolewa vilevile. Ni kama uji unavyopoa ukipulizwa. Wataalamu wa hali ya hewa wa Marekani na Kanada wana kanuni ya kukadiria jambo hili, wanayoitumia tangu 2001. Kwa kanuni hiyo, hewa ikiwa nyuzi 5 na upepo ukiwa kilomita 30 kwa saa, uso usiofunikwa huhisi kama nyuzi 0. Ukienda kilomita 60 kwa saa, huhisi kama nyuzi 2 chini ya sifuri. Wewe unayeshika usukani umejitengenezea upepo huo mwenyewe, na kupunguza mwendo ni kinga isiyogharimu hata senti.

Mwili una namna yake ya kujihami. Ukihisi baridi, hubana mishipa ya damu ya mikono na miguu ili joto libaki kifuani na kichwani, palipo na viungo ambavyo haviwezi kusubiri. Vidole huachwa vijitegemee. Kwa mtu anayetembea hilo si tatizo kubwa, lakini kwa dereva vidole ndivyo breki. Mkono wa kulia unashika mafuta na breki ya mbele, ambayo ndiyo inayofanya kazi kubwa ya kusimamisha chombo; wa kushoto unashika klachi. Ngozi ya vidole ikishuka chini ya nyuzi 15 hivi, wepesi wake hupotea: unabonyeza taa ya kuonyesha unakokata, unagusa honi. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, kuchelewa kushika breki kwa nusu sekunde ni mita 8 ulizozipita bure. Ng'ombe anayevuka barabara hahitaji mita nyingi kuliko hizo.

Madereva wengi huchomeka mkono wa kushoto mfukoni, au huinama kuuegesha karibu na injini upate joto, huku pikipiki ikiendelea kwenda. Kufanya hivyo ni kuendesha bila klachi, kwa mkono mmoja. Ukitaka kuota moto wa injini, simama pembeni uote.

Kinga ya kweli huvaliwa kwa tabaka tatu. Ya ndani inagusa ngozi, na isiwe pamba, maana pamba ikilowa jasho au ukungu hukaa na maji na kukupoza. Ya katikati inatunza joto, na sufu inafaa kwa sababu hupasha hata ikiwa na unyevu. Ya nje inazuia upepo: koti la mvua, la ngozi, au yale makoti ya theluji yanayopatikana mitumbani. Madereva wanaovaa koti kinyume, zipu ikiwa mgongoni, huchekwa na wageni, lakini hesabu yao ni sahihi. Zipu ni mwanya, na mwanya ukikaa mgongoni haupokei upepo wa mbele. Usisahau mapaja na magoti, maana upepo huyakuta yametangulia. Suruali ya mvua juu ya jinzi inatosha. Glavu zisibane, kwa kuwa zikibana huzuia damu iliyobaki. Kama ni za kufuma, vaa juu yake glavu za mpira zenye nafasi, au funga kwenye usukani vile vifuniko vya ngozi vya kuingizia mikono.

Hapo tunafika kwenye kinga ya kifua, inayovaliwa sana na bodaboda kwa kuogopa nimonia. Nimonia huletwa na vimelea, yaani bakteria, virusi na mara nyingine kuvu. Upepo peke yake hauwezi kuizalisha. Mwenye homa, kikohozi na kupumua kwa shida aende hospitali, asiongeze koti. Hata hivyo, kinga hiyo usiivue. Kifua kikiwa na joto, mwili hulegeza mishipa na kuruhusu damu ya moto ifike mikononi. Anayekinga kifua anakinga pia vidole vyake, hata kama alikuwa akiwaza mapafu.

Pombe ni kinyume chake. Bilauri ya ulanzi au kikombe cha gongo hufungua mishipa ya ngozi, unahisi joto, kumbe joto la ndani ndilo linalotoka nje. Unapoa haraka huku umelewa. Chai ya moto na chakula cha kushiba ndivyo vinavyosaidia.

Kwa upande wa chombo, injini haiathiriki na upepo kama ngozi: chuma hakiwezi kupoa chini ya joto la hewa iliyokizunguka. Lakini oili huwa nzito alfajiri na betri hupungukiwa nguvu. Tumia choki na kiki badala ya kuikamua starta, iache ingurume dakika moja au mbili bila kuivutia mafuta, kisha rudisha choki. Ikisahaulika wazi, inakula petroli na kuipaka plagi masizi. Muulize fundi kama kitabu cha pikipiki yako kinaruhusu oili nyepesi zaidi msimu wa baridi.

Tairi lina hila yake. Upepo wa ndani hupungua takriban PSI 1 kwa kila nyuzi 5 au 6 zinazoshuka. Uliyejaza upepo saa saba mchana kwa nyuzi 24, kesho yake alfajiri kwa nyuzi 6 umepungukiwa PSI 3. Pima asubuhi kabla ya kuondoka. Mpira nao huwa mgumu ukipoa na haung'ang'anii lami vizuri, basi kilomita za mwanzo usilaze pikipiki kwenye kona.

Kwenye ukungu, washa taa ya chini. Taa kali hugonga matone ya maji na kukurudia machoni. Kioo cha helmeti kikiingia mvuke, kiinue kidogo hewa ipite. Kizibao cha kuakisi mwanga kivaliwe juu ya makoti yote; wengi hukifunika kwa koti jeusi, na dereva wa lori la mbao hawaoni.

Mkumbuke pia abiria, ambaye hana usukani wa kumshughulisha wala hasemi mpaka ameganda. Mama mwenye mtoto mgongoni ni watu wawili wa kuulizwa hali. Mtu anayetetemeka sana, anayetamka maneno kwa shida au anayeanza kusinzia, joto lake la mwili huenda limeshuka chini ya nyuzi 35. Hapo safari imekwisha. Tafuteni nyumba yenye moto, avuliwe nguo zilizolowa, apewe kavu.

Na wewe dereva, simama kila baada ya muda, vua glavu, gusisha kidole gumba na kidole cha mwisho cha mkono uleule. Vikishindwa kugusana, huna breki. Usiondoke hapo mpaka viguse.