Mji wa makaa ulikuwa na kiti bungeni, muchimbaji hakukuwa nacho

Kila wakati wa kura tunasikia swali moja mu makambi: huyu mutu tunayemutuma kule juu, atasema maneno ya nani? Swali hilo ni la zamani. Tutazame Culross, mji mudogo wa Uskoti (Écosse), kando ya bahari.

Mwaka 1592 mufalme James VI aliufanya kuwa mji wa kifalme. Culross ikapata ruhusa ya kufanya biashara na inchi za ngambo, tena kiti katika bunge la Uskoti, mahali mabwana wakubwa na wajumbe wa miji walikaa chumba kimoja.

Utajiri wake ulitoka chini ya udongo. George Bruce alichimba makaa ya mawe mpaka chini ya bahari. Alijenga munara wa mawe ndani ya maji, shimo likapita katikati, na meli zikapakia makaa palepale. Maji ya shimoni yalitolewa na munyororo wa ndoo, farasi wakiuzungusha. Bruce huyohuyo njo aliyetumwa bungeni kusemea Culross. Aliyemutuma ni baraza la mji, watu wa biashara na mafundi wenye haki. Muchimbaji hakuulizwa.

Mwaka 1606 bunge lile likaweka sheria: hakuna kuandika muchimbaji wa makaa kazini bila barua ya bwana wake wa kwanza. Aliyetoroka alihesabiwa mwizi na kuazibiwa mwilini, kana kwamba ameiba mikono yake mwenyewe.

Mwaka 1625 tufani ikaharibu shimo la Bruce, naye akafa mwaka uleule. Sheria ikabaki. Mwaka 1707 bunge la Uskoti likaunganishwa na la Uingereza, na Culross ikagawana mujumbe mumoja na miji mingine mine. Wachimbaji wakafunguliwa kabisa mwaka 1799 tu.

Mwaka 1874 njo Alexander Macdonald, Muskoti aliyeingia shimoni angali mutoto, alichaguliwa na mji wa Stafford, kule Uingereza. Thomas Burt, muchimbaji mwenzake, aliingia bunge la London pamoja naye. Toka ile sheria, miaka 268 ilikuwa imepita.

Wandugu, kiti chenye jina la mji wetu ni kitu kizuri. Lakini tuulize kila mara: nani amekikalia, na nani alimuweka pale?