AMILCAR CABRAL: NADHARIA INAYOANZIA SHAMBANI

Utangulizi

Mara nyingi mashujaa wa ukombozi wa Afrika hutajwa kwa kusifiwa tu. Majina yao hupewa barabara na shule, picha zao hutundikwa ofisini, na misemo yao hukaririwa mikutanoni. Sifa za namna hiyo hazimdhuru mnyonyaji yeyote, wala hazimwongezei kada ujuzi wa kazi yake. Jambo la maana ni kuuliza: mtu huyu alikabiliwa na tatizo gani? Alilichambua vipi? Alilitatua kwa njia zipi? Na kazi yake ilikwama wapi? Makala hii inajaribu kuyajibu maswali hayo kuhusu Amilcar Cabral, kiongozi wa mapambano ya ukombozi wa Guinea-Bissau na visiwa vya Cape Verde.

Mwanzo wake

Cabral alizaliwa tarehe 12 Septemba, 1924, katika mji wa Bafatá, Guinea-Bissau, nchi iliyokuwa ikitawaliwa na Wareno. Wazazi wake walitoka Cape Verde, na huko visiwani ndiko alikokulia na kusoma. Katika miaka ya 1940 visiwa hivyo vilikumbwa na ukame, na makumi ya maelfu ya watu walikufa kwa njaa. Ukame ulikuwa jambo la asili. Lakini kuacha watu wafe bila chakula, hali meli za Wareno zilikuwa zikipita baharini kila siku, lilikuwa jambo la siasa.

Mwaka 1945 alipata nafasi ya kusomea kilimo Lisbon. Huko alikutana na vijana wengine wa makoloni ya Ureno, akiwemo Agostinho Neto wa Angola na Mário de Andrade. Vijana hao walikuwa wamelelewa katika elimu ya kuwafanya Wareno weusi. Kwa hiyo kazi yao ya kwanza ilikuwa kujisomesha upya: kuijua Afrika, historia yake na utamaduni wake.

Kuijua nchi kwa miguu

Mwaka 1952 Cabral alirudi Guinea-Bissau kama mtaalamu wa kilimo katika utumishi wa serikali ya kikoloni. Mwaka 1953 alipewa kazi ya kuongoza sensa ya kilimo ya nchi nzima. Mkoloni alitaka takwimu tu. Lakini Cabral aliitumia kazi hiyo kuijua nchi: nani analima nini, kwa zana gani, ardhi ni ya nani, mavuno yanakwenda wapi, na kila kabila lina utaratibu gani wa uongozi.

Ni katika kazi hiyo aliligundua jambo ambalo baadaye liliokoa mapambano yao. Katika makoloni kama Kenya au Algeria, walowezi waliwanyang'anya wenyeji ardhi. Kwa hiyo mkulima wa huko alipoambiwa apiganie ardhi, alielewa mara moja. Lakini Guinea-Bissau haikuwa na walowezi wengi, na ardhi ilibaki mikononi mwa vijiji. Mtu angekwenda kijijini na kaulimbiu ya kugawa ardhi angeonekana mgeni asiyejua anachokisema.

Je, mkulima huyu hakunyonywa? Alinyonywa sana, lakini kwa njia nyingine. Alilazimishwa kulima karanga. Karanga hizo zilinunuliwa kwa bei ya chini na makampuni ya Kireno. Nguo na vyombo aliuziwa kwa bei ya juu. Na juu ya hayo alitozwa kodi na kufanyishwa kazi za shuruti. Unyonyaji ulipita kwenye mizani ya mnunuzi na daftari la mtoza kodi. Hapana budi kada aujue mlango ambao unyonyaji unapitia mahali alipo, kwa sababu haupitii mlango mmoja kila mahali.

Uchambuzi wa matabaka

Cabral hakukubali kwamba wakulima wote ni kitu kimoja. Aliona kwamba miongoni mwa Wafula walikuwapo machifu waliofaidika na kazi ya raia wao, na wengi wa machifu hao walishirikiana na Wareno. Kwa upande mwingine, Wabalanta hawakuwa na machifu. Mambo yao yaliamuliwa na wazee wa kijiji, na uonevu wa mkoloni waliuona moja kwa moja bila pazia la chifu. Haikuwa ajabu kwamba mapambano yalipata nguvu kwanza kusini, katika vijiji vya wakulima wa mpunga.

Vile vile alilichambua tabaka lake mwenyewe, yaani vibwanyenye: makarani, watumishi wa serikali na wasomi wachache. Aliona kwamba tabaka hili ndilo lenye ujuzi wa kuendesha dola, na kwa hiyo ndilo litakalopokea madaraka mkoloni akiondoka. Hapo ndipo penye hatari. Baada ya uhuru tabaka hilo lina njia mbili tu: ama kukaa katika viti vya mkoloni na kuwa bwanyenye mpya, ama kuyakana maslahi yake na kujiunga kwa dhati na wakulima na wafanyakazi. Njia hii ya pili aliiita kujiua kitabaka. Hoja hiyo aliieleza Havana, Januari 1966, mbele ya wajumbe wa mabara matatu, na humo alisisitiza kwamba upungufu wa itikadi ni moja ya udhaifu mkubwa wa vyama vya ukombozi.

Somo la Pidjiguiti

Chama cha PAIGC, ambacho Cabral alikuwa Katibu Mkuu wake, huhesabu kuanzishwa kwake tangu Septemba 1956. Mwanzoni kilifanya kazi ya siri mijini, hasa kati ya wafanyakazi wa Bissau. Tarehe 3 Agosti, 1959, makuli wa bandari ya Pidjiguiti waligoma wakidai nyongeza ya mishahara. Askari walifyatua risasi, na wafanyakazi wapatao 50 waliuawa.

Mwezi uliofuata viongozi walikutana kutafakari. Walikata shauri kwamba mjini adui ana nguvu zaidi, na kwamba kazi kubwa lazima ihamie vijijini, huku wakijiandaa kwa vita vya silaha. Cabral alihamia Conakry mwaka 1960, akaanzisha mafunzo ya makada. Vijana hao walifundishwa kwanza namna ya kuingia kijijini: kumsalimu nani, kuanza na maswali gani, kusikiliza kabla ya kusema. Walimuuliza mkulima bei ya karanga zake na kodi anayolipa. Kutokana na majibu yake mwenyewe, mkulima alifika kwenye siasa.

Vita vilianza Januari 1963 kwa kushambulia kambi ya Tite. Kufikia wakati huo makada walikuwa wamekwisha fanya kazi vijijini kwa muda mrefu, na kwa sababu hiyo wapiganaji walipata chakula, maficho na habari.

Cassacá: chama kujisahihisha

Ushindi wa mwanzo ulileta tatizo jipya. Baadhi ya makamanda waligeuka watawala wadogo katika maeneo yao. Walionea raia, na kila mmoja alijitwalia eneo kama milki yake. Chama kingeweza kulifunika jambo hilo kwa kisingizio kwamba vita vinaendelea. Badala yake, Februari 1964, Cabral aliitisha mkutano huko Cassacá, ndani ya nchi. Waovu walivuliwa madaraka, na baadhi yao waliadhibiwa vikali. Jeshi liliundwa upya chini ya uongozi wa siasa.

Mkutano huo ulijenga pia misingi ya madaraka ya umma katika maeneo yaliyokombolewa. Kila kijiji kilichagua kamati ya watu watano, na angalau wawili kati yao sharti wawe wanawake. Yalianzishwa Maduka ya Umma, ambako mkulima alibadilisha mpunga wake kwa nguo, chumvi na zana, kwa kiwango kizuri kuliko cha mfanyabiashara wa Kireno. Zilifunguliwa shule na zahanati msituni. Mkulima aliuona uhuru kwa macho kabla bendera haijapandishwa. Kwa maneno mengine, Cabral alishikilia kwamba watu hawapiganii mawazo yaliyo kichwani mwa kiongozi; wanapigania maisha bora na mustakabali wa watoto wao.

Mwaka 1965 chama kilitoa maagizo kwa makada wake. Waliagizwa wasiwafiche raia jambo lolote, wasidanganye, wayaseme matatizo na makosa waziwazi, wala wasijivunie ushindi usiokuwapo. Kada anayepeleka taarifa ya uongo juu huwafanya viongozi wapange vita kwa ramani ya nchi isiyokuwapo.

Katika mwaka huo huo, mwezi Oktoba, Cabral alihutubia Dar es Salaam mkutano wa vyama vya ukombozi vya makoloni ya Ureno. Mwaka 1970, katika mhadhara wa kumkumbuka Eduardo Mondlane wa FRELIMO aliyeuawa Dar es Salaam Februari 1969, alieleza kwamba ukombozi wa taifa ni tendo la utamaduni: taifa linalopigana linarudi katika historia yake.

Kifo na yaliyofuata

Kufikia mwanzo wa miaka ya 1970, Ureno ilikuwa na askari zaidi ya 30,000 katika nchi hiyo ndogo, lakini ilikuwa imekwisha kupoteza sehemu kubwa ya vijiji. Usiku wa tarehe 20 Januari, 1973, Cabral aliuawa Conakry. Muuaji, Inocêncio Kani, alikuwa kamanda ndani ya chama chenyewe. Njama ilitumia chuki iliyokuwapo kati ya baadhi ya watu wa bara na viongozi wenye asili ya Cape Verde. Siku kumi baadaye mpiganaji mwanamke, Titina Silá, aliuawa na Wareno akiwa safarini kwenda kwenye mazishi.

Adui alitarajia chama kisambaratike. Hakikusambaratika. Tarehe 24 Septemba, 1973, Guinea-Bissau ilitangaza uhuru wake. Mnamo Aprili 1974, maafisa wa jeshi la Ureno, waliochoshwa na vita vya Afrika, waliupindua utawala wa kifashisti wa Lisbon, na mwezi Septemba mwaka huo Ureno ikautambua uhuru wa nchi hiyo. Cape Verde ilipata uhuru Julai 1975.

Lakini historia haiishii kwenye bendera. Serikali mpya iliingia katika majengo ya Bissau, na polepole masikio ya viongozi yakawa mbali na vijiji vilivyowalisha wakati wa vita. Mapinduzi ya Novemba 1980 yalimng'oa Rais Luís Cabral, ndugu yake Amilcar, na kuvunja umoja wa chama kati ya Guinea-Bissau na Cape Verde. Mwaka 1998 nchi iliingia katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Wapo wanaosema hayo yanathibitisha kwamba nadharia ya Cabral ilikuwa ndoto. Hoja hiyo si sahihi. Yeye mwenyewe alikuwa ameonya kwamba vibwanyenye wakipokea dola bila kujifunga kwa umma, uhuru utabadilisha rangi ya watawala tu. Udhaifu uliobaki ni kwamba aliliacha jambo hilo mikononi mwa dhamiri ya viongozi. Kamati za vijiji zilikuwa na nguvu wakati wa vita kwa sababu wapiganaji wasingeweza kuishi bila mkulima. Dola ilipopata misaada ya nje na kodi za bandarini, haikumhitaji tena kwa kiasi kile.

Hitimisho

Kutokana na maisha ya Cabral, makada na wanafunzi wanaweza kujifunza mambo manne. Kwanza, uchambuzi uanze na hali halisi ya mahali, wala si na kaulimbiu iliyoazimwa. Pili, taarifa ya kweli ni silaha, hata inapouma. Tatu, chama kisichojisahihisha kikiwa na nguvu kitasahihishwa na adui kikiwa dhaifu. Nne, uaminifu wa viongozi hautoshi. Lazima mkulima na mfanyakazi wawe na vyombo vya kuwawajibisha, wakati wa mapambano na baada yake. Kazi ya kujenga vyombo hivyo Cabral hakuishi kuikamilisha.