Umeweka Linux, laptopu haifunguki? Usikubali diski ifutwe



Tangu Microsoft ilipositisha huduma ya kawaida kwa Windows 10, tarehe 14 Oktoba 2025, wenye laptopu za zamani wengi wamebaki njia panda. Mashine ni nzima, lakini Windows 11 haiikubali. Baadhi yao wamehamia Linux, hasa Ubuntu na Linux Mint, ambazo hazina malipo. Mimi ni mtu wa Pwani niliyeletwa Nakuru na kazi, na majirani zangu hapa Milimani wameshanizoea; haipiti wiki bila mtu kubisha hodi na laptopu kwapani. Lalamiko ni lile lile: "Nimeweka Linux, sasa haifunguki."

Kwanza tuelewane jambo moja. Laptopu kukataa kufunguka si dalili kwamba mafaili yamepotea. Mara nyingi kilichokwama ni mlango tu, mali yote imo ndani. Kwa hivyo fundi akikwambia dawa ni kufuta diski na kuanza upya, mwambie angoje. Tuangalie kwanza imekwama wapi.

Inarudi Windows, au inasema haioni diski

Hapa Linux imo, ila mashine haijui ianzie wapi. Zima, kisha washa huku ukibonyezabonyeza F9 kwa HP, au F12 kwa Dell na Lenovo nyingi. Itatokea orodha. Ukiona neno "ubuntu", lichague. Likifunguka, ingia kwenye mipangilio ya BIOS ulipandishe liwe la kwanza. Lisipokuwemo, washa kwa ile flashi uliyotumia kuweka Linux. Kwenye flashi ya Mint mna programu iitwayo Boot Repair inayorekebisha tatizo hili.

Tahadhari: kama Windows imebaki kwenye mashine hiyo na diski yake imefungwa kwa BitLocker, kugusa mipangilio ya BIOS kunaweza kuifanya idai ufunguo wa tarakimu 48. Utafute kwenye akaunti yako ya Microsoft kabla hujagusa kitu.

Kioo cheusi

Mashine inanguruma, kioo kitupu. Mara nyingi mkosaji ni draiva ya picha, hasa penye kadi ya NVIDIA. Washa ukigusa Esc (kwa mashine kongwe shikilia Shift) mpaka itokee menyu ya GRUB. Bonyeza herufi e, tafuta mstari unaoanza na neno linux, na mbele ya maneno "quiet splash" ongeza nomodeset. Kisha Ctrl na X. Ikifunguka, weka draiva inayofaa. Hilo neno ulilolichomeka ni la safari hiyo moja tu, ukizima, linaondoka.

Neno la siri linakataliwa

Hapa ndipo watu wanapoteza vitu bure. Laptopu nyingi tunazonunua ni zile za mtumba kutoka Uingereza, "ex-UK". Kwenye kibodi ya Uingereza alama ya @ iko karibu na Enter. Kwa Marekani iko juu ya 2. Na Linux inafuata kibodi uliyoitajia, haisomi kilichochapwa juu ya kitufe.

Binti mmoja wa jirani, anayesoma shahada ya pili, aliweka Ubuntu akaiacha kwenye kibodi ya Marekani. Neno lake la siri lilikuwa na @, akabonyeza kitufe chenye @, mashine ikaandika alama ya kunukuu ("). Ilifunguka vizuri wiki nzima kwa sababu kosa lilikuwa lile lile kila siku. Siku aliyobadilisha kibodi kuwa ya Uingereza, kitufe kile kikatoa @ ya kweli, na mlango ukagoma. Fundi mmoja mjini alishampangia kufuta diski. Ndani mlikuwa na tasnifu yake, na hakuwa na nakala nyingine. Tulichofanya ni kuandika " badala ya @, ikafunguka palepale. Jambo la kwanza alilofanya ni kunakili tasnifu kwenye flashi.

Kwa hivyo angalia Caps Lock, angalia alama ya kibodi pembeni mwa kioo, na ubonyeze kijicho kilicho kwenye kisanduku uone unachoandika. Ukiwa umelisahau kabisa, pitia GRUB, "Advanced options", kisha "recovery mode", na uchague root. Andika:

mount -o remount,rw /
passwd jinalako

Weka jipya, zima, washa. Lakini kama diski yenyewe ilifungwa kwa msimbo wakati wa kuweka Linux, na neno la kuifungua umelisahau, hapo hakuna fundi wa kukusaidia.

Linakubaliwa, kisha unarudishwa mlangoni

Bonyeza Ctrl, Alt na F3. Utapata kioo cha maandishi. Ingia kwa jina na neno lako la siri. Andika df -h. Ukiona mstari unaoishia na / peke yake umefika 100%, diski imejaa, na Linux haina pa kuandikia. Andika sudo apt clean, uondoe na mafaili makubwa usiyoyahitaji. Kama nafasi ipo, andika ls -l .Xauthority, ukikuta mwenye faili ni root, lirudishe kwako:

sudo chown $USER:$USER .Xauthority

Maliza na sudo reboot.

Na ambaye bado hajahama, wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Ubuntu na Mint zote hukuruhusu kuzijaribu kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Jaribu WiFi, sauti na kibodi kwanza, kisha nakili mafaili yako pengine. Na hata mashine ikishagoma, ile flashi bado inaweza kuiwasha, ukayaona mafaili na kuyatoa, maadamu diski haikufungwa kwa msimbo. Mwambie fundi ayatoe kwanza. Mengine yatafuata, inshallah.